Naimi Uviluq, Aliyeziombea Herufi Zetu Namba

Ndugu waombolezaji, majirani wa Siuraarjuk, na ninyi mliovuka barafu kwa pikipiki za theluji kutoka kambi za mbali ili mfike leo, Jumamosi tarehe 11 Machi 2023, familia imenipa mimi kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu Naimi Uviluq. Mimi ni mjukuu wake, mtoto wa Miali, naitwa Qaunaq, jina la mama mzazi wa marehemu, na kwa desturi yetu anayebeba jina hubeba na heshima yake, kwa hiyo Bibi hakuwahi kuniita mjukuu hata siku moja, aliniita Mama, na kila niliposhtakiwa shuleni kwa ubishi alimjibu mwalimu mkuu kwa simu, "Mwacheni Mama aseme." Basi leo nasema, na mahali nitakapokuwa mkali mnisamehe, au msinisamehe, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1944, katika kambi iliyokuwa kaskazini mwa hapa tulipo, akiwa mtoto wa tatu wa Qaunaq na mumewe Amarualik. Tarehe hiyo iliandikwa na mmisionari aliyefika baadaye, mama yake alisema tu kwamba zilikuwa siku zile sili wanapopanda juu ya barafu kuota jua, na kati ya hao wawili mimi namwamini yule aliyekuwa na uchungu. Mwaka 1947 meli ilileta ofisa wa serikali, akawapanga watu ufukweni, akampa kila mmoja kidude cha duara chenye namba cha kuvaa shingoni kwa kamba, kwa sababu majina yetu yalimshinda kuyaandika, na Uviluq, akiwa na miaka mitatu, akavikwa chake. Jana nimeulizwa kama nitaisoma namba hiyo kwa ajili ya ukamilifu wa historia. Siisomi. Mwaka 1971, serikali ilipokubali hatimaye kwamba sisi ni watu wenye majina, aliivua mwenyewe na kuiangusha kwenye tundu la barafuni wanapopumulia sili, na kitu alichokizamisha yeye mimi sina ruhusa ya kukiopoa.

Kuhusu elimu, mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama yake, aliyemfundisha herufi zetu kwa kuzichora kwa ncha ya sindano juu ya ngozi ya sili kabla ya kuishona, akimwambia kwamba pembetatu inayotazama kulia ni "u", ndiyo mlango wa jina lako, hapo ndipo unapoingilia. Septemba 1955 ndege ilimchukua yeye na wenzake kwenda shule ya bweni ya mbali, ambako lugha yetu hii ninayoisema sasa ilikuwa kosa la kuadhibiwa, na aliporudi mwaka 1960 alikuwa na maneno machache mdomoni kuliko aliyoondoka nayo. Mama yake hakumuuliza kitu, alimpa sindano mkononi, wakaanza upya na pembetatu ya kwanza. Mwaka 1965 alipelekwa Churchill, Manitoba, kwa mafunzo ya uchapaji, akafuzu vizuri, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa mchapaji katika ofisi ya hapa kijijini, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2004.

Marehemu alifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 2 Agosti 1968 na Iisaki Tuktuarjuk, fundi wa mitambo ya umeme, ambaye, kwa maneno ya Bibi, alimchumbia kwa kuja kutengeneza mashine ya taipu iliyokuwa haijaharibika. Walijaliwa watoto watatu, Piita mwaka 1969, mama yangu Miali mwaka 1972, na Jaipiti mwaka 1975, ambaye homa ya uti wa mgongo ilimchukua mwaka 1979, naye amelala pale kilimani, kando ya shimo lililochimbwa kwa ajili ya mama yake.

Sasa nafika kwenye kazi yake kubwa, na naomba walioketi nyuma waache kutazama simu, kwa sababu nitazungumzia hizo simu. Kuanzia mwaka 1983, baada ya saa za ofisi, marehemu alikwenda nyumba hadi nyumba kuwasikiliza wazee waliozaliwa kambini, akachapa walivyosema, neno kwa neno, kwa herufi zetu, na alipopata kompyuta ya kwanza ya kijiji mwaka 1986 aligundua kwamba kompyuta haizijui. Kompyuta haijui herufi yoyote, inajua namba tu, ukibonyeza A mashine inahifadhi sitini na tano, na ile A unayoiona kwenye kioo ni vazi ambalo namba imevishwa. Kila herufi ya Kiingereza ilikuwa na namba yake, herufi zetu hazikuwa na hata moja. Iisaki akachora sura za herufi zetu nukta kwa nukta majira yote ya baridi, akazivisha juu ya namba za Kiingereza kwa mpangilio alioutunga mwenyewe, mpangilio ulioifuata mikono ya mke wake na si ya mtu mwingine yeyote duniani, hivyo Bibi alipochapa aliona maneno yetu, lakini chini yake mashine ilikuwa imehifadhi namba za Kiingereza. Herufi zetu zilikuwa zimekaa kwenye viti vya watu.

Marehemu pia ndiye aliyeanzisha desturi mnayoijua, kwamba mzee akifariki huchapishwa karatasi zenye maneno yake, zikawekwa ndani ya jeneza, kifuani, ili asiondoke mikono mitupu. Hatukuweka nakala nyingine. Tuliona aibu kubaki na sauti ya mtu baada ya kumzika, na tuliamini kwamba mashine inakumbuka.

Machi 1994 yeye na Iisaki walialikwa Ottawa kwenye mkutano wa wachapaji na mafundi, na huko fundi mmoja alieleza kwamba inatengenezwa orodha moja ya dunia nzima, ambamo kila herufi ya kila taifa itapewa namba yake peke yake. Bibi akanyoosha mkono.

"Ikishapewa, mtu anaweza kuinyang'anya?"

"Hapana, mama."

"Akija mwenye nguvu akaitaka?"

"Namba ikishatolewa haihamishwi wala haifutwi."

"Hata sisi wenyewe tukifa wote?"

Yule fundi akasema, "Hata mkifa wote."

"Mimi nilivishwa namba nikiwa na miaka mitatu, sikuiomba," Bibi akasema. "Leo naomba. Ziandikeni."

Na babu yangu, kutoka safu ya nyuma, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, akasema, "Mwanamke huyu, mimi namjengea kiti, yeye anataka nyumba nzima." Watu walicheka, lakini wakaandika, na wengine wengi katika vijiji vingine walikuwa wameomba vilevile. Herufi zetu ziliingia katika orodha ile mwaka 1999, mwaka uleule tulipopata Nunavut, eneo letu wenyewe, na ile pembetatu inayotazama kulia, mlango wa jina lake, namba yake ni elfu tano mia moja ishirini na tano. Hiyo naisoma, kwa sababu hiyo aliipenda. Simu zenu leo zinaandika lugha yetu bila shida kwa sababu ya namba hizo, na bado mnatumiana salamu za siku ya kuzaliwa kwa Kiingereza.

Iisaki hakuiona siku hiyo. Tarehe 14 Oktoba 1997 barafu changa ilimmeza pamoja na pikipiki yake, akapatikana kesho yake, akazikwa tarehe 18. Kwa kuwa watoto walikuwa wameshahamia kusini, Piita Edmonton na Miali Ottawa, marehemu alianza kuishi peke yake katika nyumba ile ya kijani mnayoipita mkienda dukani.

Mwaka 2001 ofisi ilibadilisha kompyuta, faili zikahamishwa, na ile ya zamani, ambayo ndani yake peke yake zilikaa sura alizozichora Iisaki, ikapelekwa jalalani. Aliyeipeleka yumo humu kanisani na simtaji, kwa sababu alikwenda kuomba radhi akilia, na Bibi akamwambia, "Tulia, mwanangu, hata mimi na wewe kuna siku tutapandishwa kule makaburini kilimani kwa trekta." Alipofunguliwa faili ya kwanza, ya mzee Ukuttaq, kwenye kioo hapakuwa na Ukuttaq, palikuwa na herufi za Kiingereza zilizotapakaa pamoja na alama za mshangao, mabano na asilimia, kwa maana vazi lilikuwa limevuliwa na wenye viti walikuwa wamerudi kukaa. Wazee zaidi ya arobaini walikuwa katika hali hiyo, na karatasi zao zilikuwa chini ya ardhi, vifuani mwao, katika udongo ulioganda. Fundi aliyeletwa kutoka kusini alipitisha faili ile katika programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kijiji kingine, kikatoka kitu chenye herufi zetu kamili lakini maneno ovyo, Bibi akasoma mstari mmoja, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Huyu si Ukuttaq," akasema. "Ukuttaq hakuwahi kulewa."

Basi akaanza mwenyewe. Aliyemwona dirishani atakumbuka, na mlimwona, kwa sababu pazia hakuwa nalo. Alikaa mbele ya zile takataka, akazifuata moja moja, vidole vikigonga meza tupu, mahali ambapo vitufe vingekuwa, na vidole vilipogonga mdomo ulitamka, na mdomo ulipotamka alichapa upya kwenye kibodi mpya, safari hii kwa namba zetu wenyewe. Mzee mmoja aliweza kumchukua mwaka mzima. Kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, chai ikipoa pembeni, na watu waliopita nje walisema, kumbe bado anagonga.

Kila Jumatano saa sita mchana alisoma kwenye redio ya kijiji ukurasa aliouokoa. Simu ya studio ilipolia alifurahi, aliipokea haraka, "Nakusikia, sema," na sauti ya upande wa pili ikasema, "Shangazi, bingo leo ni saa ngapi?" Akawatajia saa ya mchezo huo wa bahati nasibu, kwa upole, akarudi kwenye mstari wake. Hoja ya kwamba watu hawakuwa na muda siipokei, kwa sababu bingo ilikuwa na muda, na sisi tulioko Ottawa tulikuwa na muda wa kushinda vikombe vya mdahalo kwa lugha ya wengine. Mwenye hoja tofauti, mimi nipo hapa mpaka Jumanne, ndege ikikubali. Siku moja aliniambia kwa simu, "Mama, nyumba imekuwa kubwa tangu watoto walipoondoka, nasikia friji ikiwaza."

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukohoa damu mwanzoni mwa Novemba 2022, na tarehe 28 ya mwezi huo alisafirishwa peke yake kwa ndege ya wagonjwa kwenda Ottawa, ambako iligundulika kwamba ana saratani ya mapafu. Wodini jina Uviluq liliwashinda, wakamwita Naomi, naye akaitika, kama alivyokuwa ameitika namba. Alikuwa na kompyuta yake kitandani. Wazee wote walikuwa wamekwisha kuokolewa, isipokuwa mmoja aliyemwacha makusudi wa mwisho, mama yake mwenyewe, Qaunaq, na alipoulizwa kwa nini alisema kwamba akimaliza kumchapa, mama atakuwa amemaliza kuongea. Sasa vidole vilikuwa vimevimba, pumzi haikutosha mstari mzima, na sisi sote tulijua kwamba akiondoka kabla ya kumaliza, Qaunaq anabaki mabano na asilimia milele.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, mama yangu yupo kazini, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, nitajie tu kitufe kipi ni herufi ipi, niandike, tumalize."

"Sijui, Mama."

"Hujui vipi, na umechapa maisha yako yote?"

"Vidole vinajua. Kichwa sikukisumbua."

"Basi mimi nitaje neno, wewe uchape kama ulivyochapa zamani kwenye mashine ya Babu, niangalie kinatoka nini."

"Neno gani?"

"Lolote. Samaki."

"Usinitajie samaki, na uji huu wa hospitali uko mbele yangu."

Lakini akachapa. Neno likatoka takataka kwenye kioo, na mimi nikaona takataka ipi imesimama badala ya sauti ipi. Nikataja mbwa, akachapa, nikataja kambi, sindano, taa ya mafuta, shemeji mvivu, akacheka mpaka muuguzi akaja kumwinua mgongo, akachapa. Walipokuja kuondoa sahani za jioni tulikuwa na mpangilio wote wa Iisaki, kiti kwa kiti.

"Bibi, kumbe ni kazi ya siku moja!"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii, mbona hukumwambia mtu?"

"Ilihitaji watu wawili, Mama."

Sina la kuongeza hapo, ingawa nimefundishwa kuongeza. Nilimwambia basi tumsome Qaunaq sasa hivi, akakataa, akasema, "Huyo utamsoma mwenyewe, nikishaondoka. Ni wako." Kisha akasema, "Na mimi msinizike na karatasi. Nimewazika wenzangu na sauti zao."

Marehemu alifariki asubuhi ya Ijumaa tarehe 3 Machi 2023, hospitalini Ottawa, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, akiwa peke yake chumbani, kwa kuwa mama yangu alikuwa ndani ya lifti akipanda.

Dhoruba ilitushikilia njiani, kwenye uwanja wa ndege wa Iqaluit, siku mbili, jeneza likiwa katika ghala la mizigo, na huko, nimekaa juu ya begi langu mbele ya mlango wa ghala, nilimsoma Qaunaq kwa mpangilio ule. Ukurasa wake wa mwisho unasema hivi, nasoma kama ulivyo:

"Walipomvika binti yangu kile kidude aliniuliza ni cha nini, nikamwambia ni pambo. Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Siku ile ufukweni nilikuwa na maneno mengi, nikayameza yote, na mpaka leo yamenikaa hapa kifuani. Nikifa, jina langu msimpe mtoto mpole. Mpeni anayepiga kelele."

Maneno hayo Bibi aliyachapa kwa mkono wake mwaka 1987. Mimi nilizaliwa mwaka 2002, na mama yangu anasema nililia hata wagonjwa wa chumba cha pili wakagonga ukuta, naye akampigia Bibi simu, akauweka mkono wa simu mbele ya mdomo wangu, na Bibi akasema, "Huyo ndiye."

Leo asubuhi jeneza lilipokuwa linafungwa baadhi yenu mmeniuliza karatasi iko wapi. Haimo. Ndani yupo yeye na mitandio yake miwili, na sindano ya mama yake. Karatasi ziko mezani pale mlangoni, za wazee wote, za Ukuttaq asiyelewa, za Qaunaq, na hii ninayoisoma sasa, kwa herufi zetu, kila herufi kwenye kiti chake yenyewe, na kila nyumba itachukua nakala na kuisoma, wawili wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ottawa, na kwa namna ya pekee muuguzi Rosalinda, aliyemuuliza jina lake linavyotamkwa na akalifanyia mazoezi koridoni mpaka likakaa. Tunawashukuru rubani na wapakiaji waliombeba kwa adabu, waliochimba kaburi kwa mashine na kwa mitaimbo kwa siku tatu, wafanyakazi wenzake wa ofisini, na majirani, hasa Saila wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimwachia samaki aliyeganda kwenye ngazi na kuondoka bila kubisha hodi. Asante, Saila. Ungebisha. Tunamshukuru pia binamu yangu Maata, anayetarajia kujifungua mwezi ujao, ambaye amekubali mtoto wake aitwe Uviluq, awe wa kiume au wa kike, nasi tutamwita Bibi, na atafundishwa kuanzia pembetatu inayotazama kulia.

Bibi, nilikuwa nimeandika hapa yale maneno ya kumalizia ambayo kila mtu huyasema, nimeyafuta. Nitakuita nilivyostahili kukuita tangu siku uliyonipa jina. Lala salama, mwanangu. Kile kidude hakikuwa pambo. Mama ameshasema.